Siku ngapi simu itakuwa imezimwa?

Kibosho, Jumapili jioni

Mama,

Tukitoka kanisani leo mdogo wako ameniambia kwamba huko Karoo, Afrika Kusini, madishi ya darubini yenu ya redio yalipo, simu haziruhusiwi kuwaka. Wewe hukusema. Ulitupa habari za Cape Town tu, bahari na ofisi, na mama yako alikuuliza mara mbili utakuwa unapigaje.

Sababu naijua, mimi ni fundi redio. Simu ikitaka kuita karibu na spika, spika inakoroma trrr-trrr hata kabla simu yenyewe haijalia. Hiyo ni redio ya mkulima, sembuse darubini yenu hiyo ya MeerKAT, madishi 64, kila moja mita 13.5 ukingo hadi ukingo, yanasikiliza mawimbi yaliyoondoka katikati ya galaksi yetu zaidi ya miaka 25,000 iliyopita. Izimwe. Ninachouliza ni siku ngapi. Mbili? Wiki? Niandikie idadi.

Ile picha ya katikati ya galaksi uliyoacha, mama yako ameibandika kwenye kabati la vyombo. Wageni wanadhani ni eksirei ya mtu. Nawaambia zile nyuzi ni elektroni zinazojizungusha kwenye sumaku, ziko karibu 1,000, na ndefu kati yake mwanga wenyewe unatembea miaka 100 na zaidi kuimaliza. Mzee wa jirani akauliza kama ni sumaku kama ya spika. Nikamwekea ya spika kiganjani: hii ina nguvu nyingi zaidi kuliko ile ya angani, ila ile imetanda. Akauliza nani alizisokota. Nikamjibu ndicho binti yangu anachokwenda kutafuta. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo.

Mwaka ule uliokaa nyumbani ukiuza ndizi Mbuyuni, fomu yako ya kusomea haya haikupotelea posta. Ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya kapasita. Niliona famasia ina mshahara.

Huko usikope kwa Watanzania wenzako. Pasipoti iache chumbani, tembea na kopi. Redio ikitaja wageni kupigwa Afrika Kusini mama yako halali, na mimi ndiye ninayeulizwa usiku kucha. Mwalimu wako asipokujibu, muulize tena. Unapenda kunyamaza ukikwama, na usiseme umerithi kwa mama yako. Kabla hujazima simu, tuma ujumbe hata wa neno moja. Ukiiwasha, tuma tena.

Ng'ombe amezaa jana, ndama dume, basi hakuna la kusherehekea. Bati la jiko linavuja palepale, na mdogo wako anataka pikipiki badala ya kupanda juu. Goti la mama yako limepungua uvimbe. Dereva wa basi atakukabidhi ndizi mshare na parachichi ukimfuata stendi hapo Dar kesho jioni, usimlipe, nimeshamlipa.

Mita yangu ya kupimia siioni mezani. Kama ni wewe umeipakia, nenda nayo. Betri yake imekwisha, ni ile ya mraba, volti 9.

Baba yako