Barua ya wazi kwa afisa wa mazingira: malori yanafukia vyura wetu

Mheshimiwa,

Salamu kutoka huku Kisumu, upande wa mafunjo. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nimeleta barua mbili ofisini kwako na sijajibiwa, ndiyo maana hii naiweka hadharani.

Usiku wa Jumanne malori matatu yalimwaga maramu na vifusi kwenye kinamasi kilicho nyuma ya shule yetu. Asubuhi nilipofika na wanafunzi wa Gredi ya 6, dimbwi lilikuwa limebaki upana wa sinia. Viluwiluwi walirundikana humo, wengine wamekauka migongo. Msichana mmoja alitoa kikombe chake cha uji akaanza kuwachota.

Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesoma habari za chura goliathi, mkubwa kuliko vyura wote duniani, anayepatikana Kamerun na Guinea ya Ikweta. Urefu wake huweza kupita sentimita 30, uzito huweza kupita kilo 3. Watoto walishangaa zaidi kusikia kwamba kiluwiluwi wake huanguliwa mdogo kama huyu wa kwetu. Mwaka 2019 watafiti walieleza kuwa chura huyo hujenga viota mtoni, akisogeza hata mawe ya kilo 2 ili mayai yake yakae salama. Pamoja na nguvu zote hizo, yuko hatarini kutoweka. Anawindwa kwa nyama, anauzwa ng'ambo akiwa hai, misitu yake inakatwa na mito inajaa matope. Sasa Mheshimiwa, ikiwa msogeza mawe analemewa na binadamu, huyu wetu anayeenea kiganjani ataliweza lori?

Mwaka jana ulisimama barazani, mbele ya wazee, ukaahidi kwamba bikoni, zile alama za mpaka wa kinamasi, zingewekwa kabla ya masika. Nilikupigia makofi. Masika yalikuja, bikoni hazikuja. Maji ambayo kinamasi kilikuwa kikiyameza yaliingia kwangu saa tisa usiku, nikampandisha mama yangu mezani na blanketi lake. Tangu hapo mwanangu ameugua malaria mara mbili. Mimi naamini mbu wamezidi kwa sababu waliokuwa wakiwala wamefukiwa. Zamani vyura walikuwa wakiitana hadi alfajiri. Siku hizi tunalala na mlio wa mbu sikioni.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hatukudai fidia. Malori yazuiwe, waliomwaga vifusi wavizoe. Na kama hayo yote ni mazito kwako, basi bikoni tu, Mheshimiwa. Weka bikoni ulizoahidi.

Yule msichana ana viluwiluwi kumi na mmoja kwenye beseni darasani. Wameanza kuota miguu ya nyuma, na kila asubuhi ananiuliza atawarudisha wapi.

Wako,
Mwalimu, Kisumu