Bwana Treliving, chaguo la 2028 lisiguswe

Toronto, Julai 2025

Kwa Bwana Brad Treliving,
Meneja Mkuu, Toronto Maple Leafs

Bwana Treliving,

Salamu kutoka Scarborough, hapa Toronto, kwa shabiki wako wa hoki ya barafuni. Kwa kumwachia mshambuliaji Mitch Marner aende Vegas sikulaumu. Mkataba wake ulikuwa unaisha, mwenyewe alishaamua kuondoka, na kumpata Nicolas Roy kutoka Vegas ni afadhali kuliko kubaki mikono mitupu. Hizo dola milioni 12 kwa mwaka, kwa miaka 8, wamlipe wao.

Ninacholalamikia ni drafti, ule uchaguzi wa kila mwaka ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, na machaguo yetu ya raundi ya kwanza yanayotolewa ili kuleta wachezaji wa klabu nyingine.

Tarehe 27 Juni, chaguo la 25 lililokuwa letu lilitumiwa na Chicago, wakamchukua Vaclav Nestrasil. Sawa, deni hilo ulilirithi. Lilianza 2023 klabu ilipomchukua beki Jake McCabe kutoka Chicago, naye McCabe haki yake tumpe, amefanya kazi. Sisi tukangoja mpaka namba 64 ndipo tukamwita kijana wa Norwei, Tinus Luc Koblar. Ila la 2026 umelipeleka Boston wewe mwenyewe, pamoja na kijana wetu Fraser Minten, ili umpate Brandon Carlo. La 2027 umewapa Philadelphia kwa ajili ya Scott Laughton, na Nikita Grebenkin juu yake. Yote mawili siku moja, mwezi Machi! Najua uliweka kinga: la 2026 linabaki kwetu likiangukia nafasi tano za mwanzo, la 2027 nafasi kumi za mwanzo. Kinga hiyo itatusaidia tu tukivurunda, maana timu zilizofanya vibaya ndizo huchagua mapema, na hakuna shabiki anayeombea hilo.

Hebu tuulizane: wachezaji waliojaza uwanja wetu walitoka wapi? William Nylander alichaguliwa wa 8 mwaka 2014, Marner wa 4 mwaka 2015, Auston Matthews wa kwanza 2016. Matthew Knies tulimwokota namba 57 mwaka 2021, mwaka ambao tulikuwa na machaguo matatu tu, kwa kuwa la raundi ya kwanza lilishakwenda Columbus kumleta Nick Foligno. Foligno akatuchezea mechi 7 za ligi na 4 za mtoano, Montreal wakatutoa ilhali tulikuwa mbele kwa mechi 3-1. Knies msimu uliopita kafunga mabao 29, nawe umempa mkataba wa miaka 6. Hongera kwa hilo.

Na bado sijagusa la 2020. Hilo klabu iliwapa Carolina ili tu wautue mkataba wa Patrick Marleau mabegani mwetu. Carolina wakamchukua Seth Jarvis. Mpaka leo Jarvis akifunga mimi huzima televisheni.

Carlo na Laughton wametufikisha wapi? Mei 18, mechi ya saba ya mtoano, nyumbani, Florida wakatuchapa 6-1, kama walivyotuchapa 6-1 hapohapo katika mechi ya tano. Watu wakavua jezi za mamia ya dola na kuzirusha barafuni. Sisemi hao wawili ndio waliotufungisha. Nasema bei ilikuwa kubwa mno kwa walichokuja kufanya, na kombe letu la mwisho bado ni la 1967.

Safari hii pesa unazo. Kikomo cha jumla ya mishahara ya klabu kimepanda hadi dola milioni 95.5, na John Tavares amekubali kushuka kutoka milioni 11 hadi kama 4.4. Ukitaka mchezaji, mlipe mshahara. Usilipe kwa vijana ambao hata hatujawaona. Na Easton Cowan, aliyechaguliwa wa 28 katika drafti ya kwanza baada ya wewe kufika hapa, apewe nafasi ya kweli kambini, si mechi mbili za kumpima kisha arudishwe timu ya akiba.

Machi ijayo simu za klabu zinazotaka kubadilishana wachezaji zitaanza tena. Kila atakayekupigia ataanza na Cowan, na ukimkatalia atahamia kwenye chaguo la raundi ya kwanza la 2028. Tunaomba utuambie hadharani kabla kambi haijafunguliwa Septemba: la 2028 linauzwa, au haliuzwi?

Wako,
Shabiki wa Scarborough