Ile "Hapana" Iliyomponza Mpwa Wangu

Mhariri,

Hapa Lamu, ukikaa Mkunguni saa za kahawa ya jioni hutakosa kumsikia mtu akimfunza mwenzake kujaza fomu ya viza ya Uingereza. Fundisho ni lilo hilo: kama ulikaa kule kupita muda, usiseme, kama uliwahi kunyimwa, usiseme, maadamu umeoa kwao, watakupa tu. Naomba nafasi nieleze yaliyomfika mpwa wangu kwa kulisikiliza. Mwenyewe ameniruhusu.

Alikwenda kwa viza ya matembezi ya miezi 6, akakaa karibu miaka miwili akiosha vyombo mkahawani. Mwaka 2018 akajinunulia tiketi akarudi. Hakukamatwa, na uwanjani hakuna aliyemuuliza neno, basi akaamini yamekwisha. Hakujua kwamba tangu Aprili 2015 Uingereza hukusanya habari za wanaotoka, si wanaoingia tu.

Baadaye akaoa Mwingereza aliyekuwa akija Shela kila Desemba. Ndoa ilifungwa, cheti kipo. Mwaka 2023 wakaomba viza ya mume. Fomu inauliza waziwazi kama umewahi kukaa Uingereza kupita muda ulioruhusiwa. Ajenti akabonyeza "Hapana", akamwambia, "Hayo ya zamani, bwana, utajiharibia." Mpwa wangu alikuwa ameketi ubavuni pake, akaona, akanyamaza. Hapo simtetei.

Akanyimwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa ule uongo.

Kinachoniuma ni kwamba hakuwa na haja ya kuficha. Kwa sheria zao, aliyezidisha zaidi ya siku 30 kisha akaondoka kwa nauli yake hufungiwa mlango, asipewe viza, kwa mwaka mmoja. Wake ulikwisha 2019, kabla hata hajaposa! Aliyeondoka kwa gharama ya serikali yao hufungiwa miaka 2 au 5, na aliyedanganya kwenye ombi anaweza kufungiwa 10. Tena ombi la mume au mke halipimwi kwa kalenda hiyo pekee. Afisa hutakiwa atazame pia maisha ya familia, haki iliyomo katika kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Angeandika ukurasa mmoja tu: nilibaki kwa sababu hii, niliondoka siku hii, tiketi hii hapa. Pengine wangemkatalia hata hivyo, lakini angekuwa na la kusema.

Likaja la pili. Anwani ya barua pepe iliyowekwa kwenye fomu ilikuwa ya ajenti. Rufaa ina siku 28. Tulipoonyeshwa ule uamuzi kwenye simu yake, siku zilikuwa zimeshapita, naye anadai pesa nyingine "za kufuatilia". Kuomba upya nako kumekuwa kugumu. Mwaka 2023 mke alitakiwa aonyeshe kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka. Tangu Aprili 11, 2024 ni pauni 29,000. Yeye ni msaidizi katika shule ya chekechea. Hafiki.

Anayedhani nchi nyingine hazihesabiki naye ajue: fomu inauliza kama umewahi kunyimwa viza popote, na Uingereza hulinganisha alama za vidole na Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Asiyekumbuka vizuri safari zake anaweza kuiomba wizara yao ya mambo ya ndani imtolee kumbukumbu zake, bure, kabla hajajaza chochote. Sisi hilo tulilijua jahazi limeshazama.

Ajenti yule bado yuko kazini. Jana nimepita nikamkuta na kompyuta yake, vijana watatu wanangoja zamu kwenye benchi. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu, na najua alinyimwa viza ya Kanada mwaka juzi. Nilimwita kando. Akaniambia, "Ngoja kwanza, mzee, zamu yangu itapita."

Mjomba mtu,
Langoni, Lamu