Kwa wanangu mnaohamishwa kazi: msimwachie ndugu nyumba kwa maneno matupu

Wanangu wa Nakuru,

Barua za uhamisho zikitoka, mchezo ni uleule. Mwalimu, muuguzi au askari anapakia makochi kwenye lori Jumamosi asubuhi, na ufunguo anapewa binamu. "Utanitunzia tu." Hakuna karatasi, hakuna bei, hakuna tarehe. Miaka michache baadaye ukoo mzima hausemezani, na wazee tunaitwa kusuluhisha kesi ambayo ukurasa mmoja ungeizuia.

Anayehama ana njia 3: kuuza, kupangisha, au kufunga. "Kutunziwa tu" si mojawapo.

Mnajua inavyokwenda. Binamu anaingia peke yake, kisha analeta rafiki, kisha chumba cha nyuma kinapangishwa na pesa zake huzioni. Bili ya maji iko kwa jina lako, kwa hiyo deni linakungoja wewe. Mfereji wa paa unaziba majani, mvua ya Aprili inarudi chini ya mabati, dari inatoa madoa ya rangi ya chai, halafu inashuka. Hakuna aliyekuarifu, na wewe hukuuliza kwa sababu kumuuliza ndugu eti ni kumdharau. Siku unapotaka nyumba yako, anakuonyesha choo alichokarabati na kudai arudishiwe gharama.

Wengine hufika mbali zaidi na kutaja miaka 12. Ni kweli, kwa sheria yetu ya Kenya, aliyekalia ardhi ya mtu waziwazi na mfululizo kwa miaka 12 bila ruhusa anaweza kuidai mahakamani. Aliyekaribishwa hana dai hilo maadamu ruhusa ipo. Lakini ruhusa ya mdomo utaithibitisha vipi, ikiwa shahidi pekee alikuwa mama yenu na mmeshamzika?

Ukiamua ndugu akae, andikeni. Karatasi iwe na tarehe, majina na nambari za vitambulisho. Iseme kwamba anakaa kwa ruhusa yako, analipa kiasi gani au halipi kitu, nani analipa maji na stima, kwamba haruhusiwi kupangisha mtu mwingine, kwamba ukarabati wowote unakubaliwa kwanza kwa maandishi, na kwamba notisi ni mwezi 1 au 2. Mashahidi 2 watie sahihi, mmoja awe wa upande wake. Kisha zungukeni nyumba pamoja, chumba kwa chumba, mkipiga picha: vioo, soketi, masinki, dari, na namba zinazosomeka kwenye mita ya maji siku hiyo. Hiyo mita msiisahau. Ndiyo inayowagombanisha watu kuliko kitu kingine.

Lawama nyingine ni ya jamii yetu. Mwenye mshahara akimwandikia ndugu mkataba, anaambiwa amekuwa mzungu. Ndugu huyohuyo akikopa kwenye chama anatia sahihi mbele ya wadhamini na haoni aibu yoyote. Nyumba ya mtu mmoja imegeuzwa mali ya ukoo, ila kulipa rehani imebaki kazi ya mmoja.

Mkipangisha, pigeni hesabu kabla ya kufurahi. Chukua kodi ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000, na mapato ya nyumba za makazi kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 (ilikuwa 10 hadi mwisho wa 2023). Hukatwa kwenye jumla, hutoi gharama yoyote kwanza, na hulipwa kwa KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hapo 1,875 ya kila mwezi imeondoka. Wakala akichukua asilimia 8, ni 2,000. Tenga kodi ya mwezi mmoja kila mwaka kwa rangi na mabomba, kama 2,080 kwa mwezi. Unabaki na takriban 19,000, na bado hujahesabu mwezi nyumba itakapokaa tupu. Ukiwa na mkopo wa nyumba, kumbuka pia kwamba nafuu ya ushuru kwa riba ni ya anayeishi ndani. Wakala naye awe amesajiliwa, na pesa ya amana ya mpangaji usiile.

Kuuza kuna mtego mmoja ambao wengi huujua wakiwa wamechelewa. Faida ya mauzo hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla tu ya kuiuza imesamehewa. Ukitia mpangaji leo na kuuza mwaka kesho, msamaha huo umeutupa. Kwa hiyo kama moyoni unajua hutarudi, uza sasa. Mume au mke lazima akubali. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 inadai idhini ya wote 2, hata kwa kupangisha. Kama ni shamba, kuna pia idhini ya bodi ya ardhi.

Kufunga kunafaa kwa uhamisho mfupi tu. Funga vali ya maji karibu na mita, mwaga tangi, zima swichi kuu, acha friji wazi. Maji yaliyo kwenye kona ya bomba chini ya sinki hukauka, kisha harufu na mende hupanda; mimina maji hapo na juu yake kijiko cha mafuta ya kupikia ili yasikauke upesi. Soma bima yako, maana nyingi hupunguza kinga nyumba ikikaa tupu, mara nyingi baada ya siku 30. Mlipe mtu akate nyasi na kufungua madirisha kila mwezi. Nyasi ndefu getini humwita mwizi.

Hati miliki isibaki kwenye droo ya nyumba unayoiacha, wala isipakiwe pamoja na sufuria. Iweke benki, nakala abaki nayo mwenzi wako. Na vitasa vibadilishwe kabla mpangaji hajaingia. Hujui funguo za zamani ziko mifukoni mwa akina nani.

Mzee wenu,
Kiamunyi