Wenye hisa za grafini tuambiwe mauzo

Mhariri,

Naishi Manchester, ambako mwaka 2004 wanafizikia Andre Geim na Konstantin Novoselov walibandua grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, kutoka kwenye kinywe (madini kama yale ya Mahenge, Tanzania) kwa selotepu tu. Walipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2010, sisi wenye vijisenti tulichangamka. Baadaye nikanunua hisa za kampuni moja inayoitengeneza.

Kila ripoti inasema wateja "wanafanya majaribio". Majaribio hayalipi gawio! Halafu zinatolewa hisa mpya, na kipande changu kinazidi kumegeka. Sijauza bado, mke wangu ananicheka. Wakurugenzi watuambie wameuza kilo ngapi na kwa bei gani, waache kutuhesabia hataza (hati za kulinda uvumbuzi).

Mwanahisa mdogo,
Manchester, Uingereza