Mwaka wa hakimiliki sio mwaka wa chapa

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo, hili jambo limenikaa rohoni. Nimenunua riwaya ya zamani onlaini, muuzaji kaandika kwa herufi kubwa TOLEO LA KWANZA 1984, nikamuuliza umejuaje, akanitumia picha ya ule ukurasa wa hakimiliki kaizungushia duara © 1984, nami na ujanja wangu wote nikalipa. Kitabu kimefika, nafungua, kumbe chini kabisa, pale picha ilipokatwa, kuna kamstari ka namba: 10 9 8 7. Basi, zimeishia hapo. Chapa ya saba hiyo, yaani kimechapwa mara ya saba!

Maana kinachoangaliwa pale ni namba ndogo kuliko zote iliyobaki. Chapa ya kwanza inakuwa na 1, wakirudia kuchapa wanaitoa inabaki 2, halafu 3, hivyo hivyo, kwa sababu enzi za mabamba ya kuchapia, kukwangua namba moja ilikuwa kazi ndogo kuliko kuongeza maandishi mapya. Wengine wanazipanga 1 3 5 7 9 10 8 6 4 2 ili mstari usiegemee upande mmoja zikitolewa, usichanganyikiwe, we tafuta ndogo tu. Ila Random House, wachapishaji wa Marekani, walikuwa na yao, miaka mingi chapa yao ya kwanza iliandikwa toleo la kwanza halafu namba zinaanzia 2, kwa hiyo ukishika kanuni kichwa kichwa pale unaumia.

Huo mwaka wa © unasema haki za maandishi ni za tangu lini, kichapwe mara arobaini wenyewe upo palepale. Na hapa ndo watu wengi tunajikoroga, toleo na chapa. Toleo linabadilika maandishi yakirekebishwa au kupangwa upya, chapa ni kila safari ya mashine na maneno yaleyale. Kwa hiyo kitabu kinaweza kuwa toleo la kwanza chapa ya saba na muuzaji wangu akasimama kifua mbele kwamba hajadanganya mtu, wakati anajua fika wanaokusanya vitabu wakisema "la kwanza" wanataka chapa ya kwanza.

Kama hakuna mstari wa namba angalia ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu. Zile za tarakimu 13 zilianza rasmi Januari 2007, kabla ya hapo zilikuwa 10, sasa ukurasa wa hakimiliki unasema 1984 na ISBN ina tarakimu 13, hiyo nakala haijachapwa 1984 hata uapiwe.

Hata nyie gazetini, Mhariri, mnaandika "toleo jipya" kumbe ni jalada tu limebadilishwa rangi.

Muuzaji nimemwandikia, nimemtumia na picha ya zile namba nimezipigia duara kama alivyofanya yeye. Kanijibu: "Si imeandikwa 1984 hapo juu?"

Ni mimi,
Mpenzi wa vitabu vikuukuu