Kuwaombea adui si kuwaombea mabaya

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nizungumzie jambo linalonisumbua kila ninapohudhuria mikesha ya maombi, nalo ni namna sisi Wakristo tunavyomtaja adui mbele za Mungu. Tunamtaja sana, tena kwa sauti kubwa kuliko tunavyowataja wagonjwa na yatima, lakini maombi yenyewe ni kwamba aanguke, aaibike na mipango yake imrudie mwenyewe. Kisha mtu husimama kutoa ushuhuda kwamba aliyekuwa akimpiga vita amefukuzwa kazi au ameugua, na kanisa zima huitikia kwa vigelegele, kana kwamba Mithali 24:17, inayokataza kufurahi adui aangukapo, haimo katika Biblia tulizozikumbatia.

Agizo la Yesu katika Mathayo 5:44 ni fupi: “Wapendeni adui zenu, waombeeni wanaowaudhi.” Hapa hata lugha yetu inaweza kutupoteza, kwa maana mtu huombewa mema na huombewa mabaya pia, hivyo muumini anaweza kutoka mkeshani akiamini kwamba ametii ilhali usiku kucha alikuwa akilaani. Paulo aliuziba mwanya huo katika Warumi 12:14 alipoandika, “barikini, wala msilaani.”

Najua wapo watakaonijibu kwa Zaburi. Ni kweli kwamba Zaburi ya 109 inaomba siku za adui ziwe chache na watoto wake wabaki yatima, na ya 137 inamalizika kwa maneno ambayo wengi wanaopenda kunukuu mwanzo wake huyaruka kimyakimya. Zaburi hizo zina kazi yake, kwa kuwa aliyeumizwa ana ruhusa ya kumwambia Mungu uchungu wake jinsi ulivyo na kumwachia yeye kisasi, badala ya kukishika mkononi mwake. Lakini tutazame ni zaburi zipi zilizokuwa kinywani mwa Yesu pale msalabani: alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22 na kukata roho kwa maneno ya ile ya 31. Ya 109 hakuigusa, na kwa ajili ya waliomsulubisha aliomba wasamehewe, kwa kuwa hawakujua walitendalo. Stefano naye, mawe yakimwangukia, aliomba dhambi ile wasihesabiwe wauaji wake, na miongoni mwa walioridhia kifo chake alikuwamo kijana aliyeitwa Sauli, ndiye Paulo wa baadaye. Sithubutu kusema kwamba ombi lile ndilo lililomgeuza Sauli, maana Maandiko hayasemi hivyo. Ila kama Stefano angeomba tunavyoomba sisi, na akajibiwa, Sauli angeangamia kabla hajaandika waraka hata mmoja.

Yapo pia makosa ya upande wa pili, nayo yananiuma zaidi, kwa sababu agizo hilihili hutumiwa kuwanyamazisha wanaoonewa. Mke anayepigwa nyumbani huambiwa apende na kusamehe, yaani asiseme, na mfanyakazi aliyedhulumiwa huambiwa kwamba kudai haki ni kukosa upendo. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, kwa mujibu wa Yohana 18:23, kwa nini anapigwa ikiwa amesema vema. Paulo naye, baada ya kuchapwa bakora kule Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri na kutaka mahakimu waje wenyewe kumtoa. Kumpenda adui hakumfanyi mtu auite uovu kwa jina zuri, wala hakumlazimu arudi mahali atakapoumizwa tena.

Wala haidaiwi kwamba adui atupendeze. Torati, katika Kutoka 23:5, inamtaka mtu akimkuta punda wa anayemchukia amelala chini ya mzigo wake, amsaidie mwenyewe kumwinua. Haisemi lolote juu ya watu hao wawili kutazamana kwa bashasha. Inachotaka ni mikono yao, na nadhani punda alishukuru.

Nasema haya nikiwa mtu aliyeshindwa mara nyingi. Miaka kadhaa iliyopita mwenzangu mmoja alinizushia uongo ulioniondolea heshima kazini, nami nilipojaribu kumwombea baraka, nilitaja jina lake na maneno yakaishia hapo, wiki baada ya wiki. Hatimaye niligundua kwamba siwezi kumwombea mema mtu nisiyejua anahitaji nini, ikanibidi niulizie, na ndipo nilipopata habari kwamba alikuwa akimuuguza mama yake. Basi nikaanza na mama. Hadi leo salamu zetu ni za mkato, na uongo ule hajaufuta, ila nimeacha kungoja habari za kuanguka kwake.

Kwa hiyo nawaomba wanaoongoza maombi makanisani waongeze jambo moja tu katika orodha ya mahitaji, baada ya wagonjwa na wasafiri: wale waliotukosea, waombewe afya, riziki na toba. Sehemu hiyo iombwe kimya, kila mtu moyoni mwake, maana nikitujua tulivyo, majina yakiruhusiwa kutajwa kwa sauti yatageuka masengenyo kabla ya amina.

Msomaji wako,
Muumini wa kawaida